Vibweta vya Kukereza na Miti Migumu ya Maniema

Kibweta cha kukereza ni kisanduku kidogo cha mviringo chenye mfuniko, kinachotolewa katika kipande kimoja cha mti mgumu kinachozungushwa na mashine iitwayo kerezo, huku fundi akiegemeza patasi na kuupunguza mti taratibu. Mkoani Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uchongaji ni sanaa ya kale, ingawa haukutegemea mzunguko huo: Warega wa Pangi walichonga sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu kwa ajili ya Bwami, chama cha vyeo na mafunzo ya maadili ambacho utawala wa Wabelgiji ulikipiga marufuku mwaka 1948. Ustadi wa mkono, basi, haukosi historia huko.

Mti unaofaa ni ule ambao nyuzi zake zimebanana na vinyweleo vyake ni vidogo, kwa kuwa ukingo mwembamba wa mfuniko haumeguki upesi. Afromosia, ambao wataalamu wa mimea huuita Pericopsis elata, una sifa hiyo pamoja na rangi ya kahawia yenye dhahabu. Lakini umevunwa kupita kiasi, hata biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES mwaka 1992.

Kazi ngumu zaidi ni kuukausha. Mti mbichi unapopoteza maji husinyaa, na kwa kawaida husinyaa zaidi kwa kufuata duara za ukuaji kuliko kutoka kiini kwenda gome, hivyo kibweta kilichokerezwa kibichi huwa na umbo la yai na mfuniko hukwama. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu hukereza mara mbili: kwanza huacha kuta nene, akakiweka kibweta kivulini kwa miezi kadhaa, hasa katika hewa yenye unyevu kama ya Kindu, mji mkuu wa Maniema, ndipo akakirudisha kwenye kerezo na kulinganisha mdomo na mfuniko mpaka ufunguke kwa ukinzani mdogo. Kisha hupiga msasa na kupaka mafuta au nta, akiwa amefunika pua na mdomo, maana vumbi la afromosia huwasha.

Kibweta chenye kipenyo cha sentimita 6 hakihitaji mti mzima kuangushwa. Vipande vinavyobaki baada ya kutengeneza milango na vitanda vinatosha, na maseremala wa Kindu wanaombwa wavichambue kabla ya kuvipeleka jikoni.