Nuru, Giza na Damu ya Jicho

Katika parokia moja tuliyotumikia alikuwako katekista mzee, mgonjwa wa sukari tangu miaka mingi. Siku moja alitujia akasema: «Padri, herufi za kitabu zanikimbia. Katikati ya ukurasa naona kama moshi.» Tukampa shauri lililoonekana kuwa jema: «Baba, pumzisha macho. Kaa ndani ya nyumba yenye giza, jifunge kitambaa, usisome kwa mwezi mzima.» Akatii. Mwezi ukapita, ukafuata wa pili, na moshi ukazidi. Alipofikishwa kwa munganga wa macho, jicho moja halikuweza kuokolewa tena.

Giza silo lililoharibu jicho lile. Siku tulizozipoteza, tukingoja giza limponye, ndizo zilizomdhuru. Kwa hiyo twataka kueleza hapa kazi ya nuru ndani ya jicho, na namna damu inavyoifuata.

Watu wengi hufikiri kwamba jicho ni kama dirisha: mchana lafunguliwa, usiku lafungwa na kupumzika. Sivyo. Nyuma ya jicho, upande wa ndani, kuna utando mwembamba kama kartasi, jina lake retina. Ndio unaopokea nuru na kupeleka habari kwenye ubongo. Utando huo walishwa na damu ya njia mbili. Njia ya kwanza ni mishipa ya retina yenyewe, ambayo hulisha tabaka zake za ndani. Njia ya pili ni koroidi, yaani tabaka la mishipa mingi lililo nyuma ya retina. Hilo hulisha chembe zinazopokea nuru. Katika damu yote inayoingia jichoni, zaidi ya sehemu 8 juu ya 10 hupita katika koroidi.

Msomaji aweza kuiona damu yake mwenyewe ikitembea. Achague siku ya mbingu ya buluu isiyo na wingu, alipe jua mgongo, kisha atazame juu, mbali, kwa utulivu. Baada ya kitambo ataona vidoti vyeupe vikikimbia katika vijia vilivyopinda, vikiongeza mwendo kwa kila pigo la moyo. Hizo ni alama za chembe nyeupe za damu zinazopita katika mishipa midogo ya retina. Chembe nyekundu humeza nuru ya buluu, lakini chembe nyeupe huiacha ipite. Lakini tahadhari: asilitazame jua lenyewe hata kidogo, maana laweza kuunguza retina pasipo maumivu yoyote.

Mishipa yenyewe nayo ilionekana zamani. Purkyně, mtu wa Bohemia, aliingia kwanza katika shirika la Wapiaristi, akalitoka kabla ya kupata upadri, akasomea uganga kule Praha. Kabla ya mwaka 1820 alitembeza nuru mbele ya jicho lake, akaona kivuli cha mishipa yake kama mti wenye matawi. Mwaka 1851 Helmholtz, Mjerumani, alitangaza chombo chenye kioo cha kutazamia nyuma ya jicho la mtu mzima na hai. Tangu hapo waganga waweza kuitazama mishipa ya damu ikifanya kazi, pasipo kupasua mwili.

Basi, waliona nini? Nuru inayowaka na kuzimika upesi upesi ikiingia jichoni, mishipa ya retina hupanuka kidogo kwa muda wa sekunde chache, na damu nyingi zaidi hupita. Ni kama siku ya kulima: pale wakulima wengi wanapotoa jasho, ndipo vibuyu vya maji vinapopelekwa. Chembe za retina zikifanya kazi nyingi, zaita chakula, na mishipa yaitika. Kwa wagonjwa wa sukari mwitiko huo hulegea, na mara nyingine hulegea kabla munganga hajaona kidonda chochote katika retina.

Na gizani? Hapa ndipo tulipokosea. Chembe zinazotusaidia kuona usiku hazilali gizani. Zafanana na mtumbwi wenye tundu. Gizani vijilango vyao viko wazi na chumvi yaingia bila kukoma. Kwa hiyo chembe yapashwa kuitoa daima, kama mvuvi anayekumba maji mtumbwini usiku kucha. Nuru ikija, vijilango vyafungwa na kazi yapungua. Ndiyo sababu chembe hizo hutumia oksijeni nyingi zaidi gizani kuliko mwangani.

Lakini damu ya koroidi haiongezeki gizani. Mwaka 2000 watafiti wa Uswisi walitangaza kwamba mtu akitoka kwenye nuru na kuingia gizani, damu ya koroidi chini ya kitovu cha kuona hupungua kadiri ya sehemu 15 juu ya 100. Kule Vienna walifunika jicho moja tu, na damu ikapungua katika macho yote mawili. Maana yake, mishipa ya fahamu yashiriki katika kuiongoza damu hiyo. Tena tangu 1980 wako wataalamu wanaofundisha kwamba wingi wa damu ya koroidi hutumika pia kupoza joto ambalo nuru kali huleta.

Mtu ataweza kusema: «Basi, mgonjwa wa sukari alale na taa machoni!» Waganga nao waliwaza hivyo. Kule Uingereza wagonjwa wenye uvimbe wa retina walilala na kifuniko cha macho chenye nuru, muda wa miaka miwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: hakikuwafaidia. Kwa hiyo nuru si dawa ya ugonjwa huo, na giza vilevile si dawa.

Dawa iko mahali pengine. Mgonjwa atunze sukari na nguvu ya damu yake, na munganga amtazame nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri, maana ugonjwa huanza kimya. Ukivumbuliwa mapema, kuna mionzi ya laza, na kuna dawa za kudungwa ndani ya jicho.

Mzee wetu angali anafundisha, akisoma kwa jicho lililobaki. Hakutulaumu. Lakini tangu siku ile, mgonjwa wa sukari akitujia, hata akija kwa shauri lingine, twamwuliza kwanza: «Baba, munganga alitazama lini nyuma ya jicho lako?» Ndugu mapadri na wakatekista, nanyi waulizeni wagonjwa wenu vivyo hivyo.