Fahamu: Mchezaji akiuzwa, timu ya nyumbani hupata nini?

Fiston Mayele alitoka AS Vita Club ya Kinshasa mwaka 2021 kwenda Yanga ya Tanzania. Katika misimu miwili alitwaa ubingwa wa ligi mara mbili, akafunga mabao 7 katika Kombe la Shirikisho Afrika na kuifikisha timu fainali ya kombe hilo, kisha akauzwa Pyramids ya Misri. Kwangu, huo ndio usajili wenye faida.

Lakini kwa timu za Kongo kama Nyuki ya Butembo au Capaco ya Beni, faida iko kwenye malezi. FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa timu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kijana aliyelelewa Butembo tangu umri wa miaka 12 hadi 18 akiuzwa nje kwa dola 1,000,000, timu yake hustahili sehemu ya hiyo asilimia 5, yaani dola 25,000. Ila bila karatasi za usajili wa utotoni, kudai ni vigumu mno.