Maneno ya Kitambaa cha Meza

Picha ambayo Bi Mkubwa aliniwekea juu ya mkeka, Ijumaa moja baada ya sala, haikuzidi kiganja cha mkono, na rangi zake zilikwisha anza kupauka pembeni. Nayo ilionyesha ukuta wa bwalo la chakula katika bweni la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California, ambapo imechorwa meza ndefu kwa mfano wa ile Karamu ya Mwisho ambayo wachoraji wa Kikristo wameirudia karne baada ya karne, ila walioketi si mitume bali ni watu 13 waliopatikana kwa kura, na pale katikati, ambapo desturi humweka Yesu, ameketi Che Guevara, Mwajentina aliyeuawa Bolivia mwaka 1967.

Nilitazama kama atazamavyo mtu yeyote, nikitafuta nyuso nizijuazo, nikafurahi kama mtoto nilipomtambua Emiliano Zapata, mwanamapinduzi wa Meksiko, na César Chávez na Dolores Huerta walioongoza vibarua wa mashamba ya zabibu, na mchoraji Frida Kahlo na nyusi zake, na Martin Luther King, ambaye hakuwa Mmeksiko hata kwa mbali. Bi Mkubwa aliniacha nihesabu mpaka nikatosheka, kisha akagusa sehemu ya chini ya picha kwa ncha ya ukucha uliotiwa hina.

"Wewe watazama waliokaa," akasema. "Tazama kitambaa."

Juu ya kitambaa cha meza, upande unaotukabili sisi watazamaji, pana maandishi, ambayo nisingaliweza kuyasoma lau si miwani yake, aliyonipa bila ya kuombwa. Ni maneno ya kuwatunukia karamu ile watu wasioonekana mezani: waliokufa, waliopiga deki, waliolia, waliopigana kwa ajili ya wengine. Kufa, kulia na kupigana ni maneno ya mashairi tangu dunia iumbwe, na mtu huyapita kama apitavyo nguzo za barabarani; lakini deki! Deki ni ndoo, ni tambara, ni magoti juu ya sakafu. Neno hilo lilinikaa rohoni wiki nzima, na kwa sababu yake nilirudi kwa Bi Mkubwa, mtaa wa Kibokoni, mara tatu.

Aliyebuni mchoro ule ni José Antonio Burciaga, mshairi, mchoraji, mwandishi wa insha na mchekeshaji, mzaliwa wa El Paso, Texas, mwaka 1940, aliyefariki California mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 56. Alikuwa Mchicano, yaani Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, wa kizazi kile kilicholitwaa jina lililokuwa tusi kikalivaa kama kilemba. Alitumikia jeshi la anga, akapelekwa Iceland na Uhispania. Alikuwa mchoraji wa serikali mjini Washington. Mwaka 1984 alikuwa miongoni mwa waasisi wa kundi la maigizo la Culture Clash huko San Francisco. Na kuanzia mwaka 1985 hadi 1994 yeye na mkewe, Cecilia Preciado Burciaga, walikuwa walezi wa bweni la Casa Zapata, ambamo ndimo ulimo ukuta huo. Diwani yake, Undocumented Love, ilipata tuzo ya American Book Award. Mengine msomaji ataweza kuyatafuta mwenyewe.

Habari ya kura ndiyo iliyonivuta, nayo Burciaga mwenyewe ameisimulia katika insha zake. Badala ya kujichagulia mashujaa, kama ilivyo haki ya mchoraji, aliwaendea wanafunzi na wanaharakati akawauliza: shujaa wenu ni nani? Majibu yakaja, Che akatangulia, na wengi wakashangaa kwamba Wachicano wamemweka katikati mtu ambaye si Mchicano wala si Mmeksiko. Lakini Burciaga alikuwa ameuliza, na aulizaye halafu akakataa jibu hakuuliza. Basi mmoja wa wanafunzi hakutaja jina la mtu hata mmoja. Alijibu kwamba mashujaa wake ni wale waliokufa na kupiga deki na kulia na kupigana hata yeye akafika Stanford. Katika uchaguzi wa serikali karatasi kama ile ingalitupwa, kwa kuwa imeharibika. Burciaga hakuitupa, aliikosesha kiti, ni kweli, lakini aliipa kitambaa ambacho wote waliokaa wameketi mbele yake.

Inafaa sasa nimweleze Bi Mkubwa. Ni mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, aliyeolewa Marekani akakaa huko zaidi ya nusu ya umri wake, akifanya kazi ya kupanga nyaraka katika maktaba (si ile ya Stanford, alinisisitizia mara mbili, na makaratasi ya Burciaga hakuyashika), na masanduku ya washairi na wanaharakati wengine wa Kichicano yamepita mikononi mwake kwa miaka. Jina lake hataki liandikwe, kwani husema mtunza nyaraka anayeonekana gazetini ni sawa na mpishi anayeonekana ndani ya chungu.

Kazi yake, alivyonifafanulia huku akinimiminia kahawa tungu, huanza kwa kutopanga. Masanduku yakifika kutoka nyumbani kwa marehemu, aghalabu yakiwa ya ndizi au ya sabuni, mjinga hukimbilia kuweka barua na barua, shairi na shairi. Mjuzi hukaa kitako akatazama kwanza, kwa sababu ikiwa mshairi alitia ankara ya umeme baina ya nakala mbili za shairi moja, huenda ankara ile ndiyo iliyomkatisha, na utaratibu wa mwenyewe, hata ukiwa ni fujo, nao ni ushahidi. Kisha hung'olewa pini na vibanio, kwa kuwa kutu hula karatasi kama mchwa. Kila fungu hutiwa ndani ya jalada lisilo na tindikali. Jalada huandikwa kwa penseli, hasha si kwa wino. Na mwisho wa yote mzigo hupimwa, wala si kwa idadi ya kurasa wala kwa uzani, bali kwa urefu wa rafu.

"Yaani mtu hupimwa kwa futi?" nikauliza.

"Kama jora la nguo, mwanangu. Fulani futi 20, fulani futi 3."

Hakuwa na huruma ya kishairi kuhusu kazi hiyo, na hili lilinishangaza mimi niliyekwenda kwake nimejaa huruma ya kishairi. Alisema sehemu kubwa ya makaratasi ya watu mashuhuri ni takataka: nakala za ziada, matangazo ya mikutano, risiti, na kwamba yeye ametupa mengi kwa mikono yake na hajutii. Nilipomwuliza ni nani aliyempa mamlaka ya kujua kitakachotakiwa miaka 100 ijayo, alikunywa kahawa yake yote bila kunijibu.

Alichokichukia ni neno moja. Katika mwongozo wa kila hifadhi, baada ya barua, miswada, michoro na picha, huja fungu la mwisho liitwalo Mengineyo, na humo, alisema, ndimo wanamotiwa mama mzazi, shangazi, yaya na mpiga deki: picha isiyo na jina nyuma, barua isiyo na tahajia, kadi ya rambirambi. Mtafiti hufika saa tatu asubuhi, huomba sanduku la miswada, na saa kumi na moja huenda zake. Mengineyo haliombi mtu.

Nilianza kufahamu kwa nini kitambaa cha meza kilimshughulisha. Nilipofuatilia insha za Burciaga niliona, fauka ya hayo, kwamba neno deki halikumfikia kutoka kwa mwanafunzi yule peke yake. Baba yake alikuwa mtunzaji wa sinagogi la B'nai Zion huko El Paso, na familia, Wakatoliki wa Kimeksiko, iliishi katika vyumba vya chini ya jengo lile lile. Siku ya Sabato, ambapo waumini wameharimishiwa kazi, ni baba huyo aliyewasha taa. Mtoto aliyelelewa chini ya sakafu inayosafishwa na baba yake ndiye aliyekuja kuulinda mstari ule. Yeye mwenyewe hakusema kwamba mambo hayo mawili yameunganika, na labda ninayaunga mimi.

Kitabu chake cha insha cha mwaka 1988 alikiita Weedee Peepo. Hayo ni yale maneno ya kwanza ya katiba ya Marekani, yanayowataja wananchi, kama yalivyosikika masikioni mwa wahamiaji wa kizazi cha wazazi wake waliokuwa wakiyakariri ili wapate uraia. Sisi ambao kutokana na kibao cha Kiingereza kilichowaamuru madereva washike kushoto tulijipatia kipilefti, tukaizunguka kwa magari bila haya, hatuna cha kuwacheka. Nilimwuliza Bi Mkubwa angefanyaje akikuta maneno kama hayo katika waraka, angesahihisha? Alinitazama kama niliyemtukania watu wake. Waraka huandikwa ulivyo, akasema, na akosaye ni msahihishaji.

Tuliongea pia juu ya mahindi, kwa kuwa kazi nzima ya Burciaga katika bweni lile inahusu historia na ngano za mahindi, na karamu ni kipande chake. Tena katika insha yake mojawapo anakumbuka alivyotoboa kwa meno matundu ya macho katika mkate mwembamba wa mahindi, akauvaa usoni kama kinyago. Nafaka hiyo ni ya Meksiko, ikavuka bahari, ikafika kwetu tukaipa jina la Bara Hindi, na leo hatuwezi kula bila yake. "Hilo nalo ni sanduku lililobandikwa jina la mtu mwingine," akasema Bi Mkubwa, na hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza.

Mara ya tatu nilikwenda na bahasha. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa bandari, mtu wa mihuri na tarehe, na tangu afe nimeihifadhi bahasha yenye hati zake: cheti cha chanjo, risiti za kodi ya nyumba, barua mbili za kupandishwa cheo, zote zimeshikwa pamoja kwa pini moja iliyokwisha geuka rangi ya ubuyu. Nilitaka, nakiri, kusifiwa. Bi Mkubwa alikwenda jikoni akarudi na kisu kidogo cha kumenyea vitunguu, akapitisha ncha yake chini ya pini polepole, akaishikilia karatasi kwa kidole gumba cha mkono wa pili, na pini ikatoka vipande viwili, ikiacha matundu mawili ya hudhurungi katika kila waraka. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifanya kwa miaka yote ile: akazigeuza risiti.

Nyuma ya tatu kati yake palikuwa na maandishi ya penseli, ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mistari mifupi mifupi iliyopangika kama hesabu. Mkono haukuwa wa baba. Baba hakuandika kwa penseli, na herufi hizo aliziacha chuoni. Mama yangu, ambaye nilidhani hakuacha hata ukurasa mmoja duniani, alifua nguo za majirani mpaka nilipokuwa darasa la sita.

Bi Mkubwa akaishika bahasha akaigeuza, akasoma jina nililoandika juu yake kwa wino, kwa herufi kubwa: HATI ZA BABA. Hakusema neno. Alinisogezea penseli, kisha akaniomba miwani yake aliyokuwa amenipa, kwa kuwa nilikwisha ishika muda mrefu nikijaribu kuyasoma maandishi yale na kushindwa. Nikamwuliza mstari wa tatu unasemaje.

Aliusogeza waraka kwenye mwanga wa dirisha.

"Jirani wa juu," akasoma. "Shuka 4. Bado."