Nyoka Anayekula Nyoka

Ndugu mtumishi, wewe pamoja na mama na watoto nyumbani, tuulizane: ukikutana na nyoka usiku njiani, unafanya nini? Wengi watajibu: "Ninakamata fimbo." Basi, soma kwanza habari hii.

Katika pori la Katanga kuna nyoka mmoja asiye na sumu. Mwili wake si wa mviringo. Una pembe tatu kama tupa ya fundi, na magamba yake yanakwaruza. Juu ya mgongo ana mstari mweupe au wa manjano, toka shingoni mpaka mkiani. Tumuite nyoka-tupa. Urefu wake unaweza kupita meta 1.5.

Mchana anajificha, usiku anatoka. Anakula mijusi na vyura, tena anakula nyoka wenzake, hata wale wenye sumu. Sumu yao haimdhuru. Huko Marekani kuna mwingine wa tabia hiyo, anayeitwa nyoka-mfalme. Kwa mtu, nyoka-tupa ni mpole: ukimshika anatoa harufu mbaya, lakini kuuma ni mara chache sana.

Ukimuua, umeua mlinzi wako. Lakini usijidanganye kwamba utamtambua gizani! Pengine aliye mbele yako ni swila au kifutu. Anayempiga nyoka anasogea karibu na meno yake. Kwa hiyo sheria ni moja kwa nyoka wote: usimpige, usimshike. Rudi nyuma, umwache apite.

Nyumbani, fyeka majani, ondoa takataka na rundo la matofali karibu na ukuta. Funika unga na mahindi, maana panya wanavuta nyoka. Usiku vaa viatu, chukua tochi. Usiingize mkono katika shimo.

Na mtu akiumwa?

Mtulize, asitembee. Vua pete, saa na viatu. Funga kijiti kando ya mguu au mkono ulioumwa ili usitikisike. Usikate kidonda, usinyonye damu, usikaze kamba. Jiwe jeusi haliondoi sumu. Linapoteza wakati tu. Mbebe mbio mpaka lopitali, hata kama hujui ni nyoka gani. Usimfuate nyoka ili umpeleke kwa munganga: huyo anaweza kukuuma na wewe.

Fimbo iache chini. Miguu yako irudi nyuma.