Ganzi ya Matone na Udhibiti wa Maumivu katika Upasuaji wa Mtoto wa Jicho: Mtazamo kutoka Ufipa

Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kawaida hufanywa mgonjwa akiwa macho, huku akisikia kila neno linalosemwa chumbani. Kwa mzee aliyetoka Mtowisa katika Bonde la Rukwa, akapanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga, swali la kwanza ni moja: kisu kitaniuma? Hofu hiyo huwaacha baadhi ya wazee gizani ilhali upofu wao unatibika. Makala hii inafafanua uwezo na mipaka ya ganzi ya matone.

Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ina neva nyingi sana za hisia. Matone ya tetrakaini au lidokaini huzuia sodiamu kuingia katika neva hizo, hivyo taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Njia hii ilianza mwaka 1884, pale Karl Koller wa Vienna alipoonyesha kwamba matone ya kokeni hulitia jicho ganzi. Hata hivyo, matone hayalegezi misuli. Jicho huendelea kugeuka na kuona mwanga wa taa. Wala hayaizimi vizuri irisi, ile duara yenye rangi, ndiyo maana baadhi ya madaktari huongeza lidokaini isiyo na vihifadhi ndani ya chemba ya mbele ya jicho.

Matone hutosha zaidi pale lenzi inapovunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti kupitia mkato wa takribani milimita 3. Lakini upasuaji uliozoeleka katika mikoa mingi ya Tanzania ni ule wa mkono usiohitaji mshono. Hapo utando wa juu ya weupe wa jicho hubanduliwa, mishipa ya damu huchomwa ili isivuje, na kiini cha lenzi hutolewa kizima kupitia mkato wa milimita 6 hadi 7. Kazi hiyo huvuta na kusukuma tishu ambazo matone hayazifikii, na kumtegemeza mgonjwa kwa matone peke yake ni kumwonea.

Sindano ya kando au nyuma ya jicho hutuliza maumivu na mwendo pia, ila mara chache huweza kutoboa jicho au kusababisha damu kuvuja nyuma yake. Damu ikivuja, upasuaji huahirishwa. Na kwa mtu wa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, safari ya pili si jambo dogo. Kwa maoni ya mwandishi, njia inayofaa zaidi hapa ni ganzi inayopitishwa chini ya kapsuli ya Tenon kwa mrija butu, baada ya matone kuutayarisha uso wa jicho.

Limebaki suala la lugha. Katika Kiswahili, kusikia ni kwa sikio na kwa mwili pia: mtu husikia baridi, husikia maumivu. Mgonjwa aliyeambiwa "hutasikia kitu" hudhani ganzi imeshindwa mara tu anapoguswa, akakaza kope na kusogeza kichwa wakati mbaya kabisa. Ni afadhali aambiwe kwamba ataguswa, atasikia maji yakitiririka na uzito kidogo, ila akiumwa aseme bila kujitikisa, aongezewe dawa. Kwa mzee asiyejua lugha nyingine ila Kifipa, maneno hayo yasemwe kwa Kifipa, tena kabla uso wake haujafunikwa kitambaa, angali anamsikia msemaji karibu naye na kuweza kumuuliza.