Fedha ya Mgonjwa Safarini India

Kwa miaka mingi sasa jamaa za Kitanzania zimekuwa zikipeleka wagonjwa wao India, katika miji kama Chennai, New Delhi na Mumbai, kutafuta tiba ya moyo, figo au saratani. Aghalabu fedha ya safari hiyo si ya mtu mmoja. Ndani yake mna kiwanja kilichouzwa, mkopo wa kijana aliyeajiriwa juzi, mchango wa ukoo, na noti za majirani waliozitoa bila kutaka majina yao yaandikwe. Fedha ya namna hiyo ikipotea njiani, ni vigumu kuichanga mara ya pili. Hapana budi basi kuipangia safari yake kwa uangalifu uleule tunaoutumia katika kupanga vipimo na viza.

Wazee wetu walitegemea kibindo. Mama aliikunja fedha katika pindo la kanga akaifutika kiunoni, na msafiri wa pwani aliyekwenda Bombay aliweza kuondoka na rupia zake za nyumbani, kwani zamani hizo rupia ya India ilitumika pia kwetu. Unguja haikuacha kutumia rupia hadi mwaka 1936. Kibindo kingali na kazi yake hata leo, ila si kazi ya kubeba gharama ya upasuaji.

Gharama hiyo yafaa itangulie kwa njia ya benki. Hospitali kubwa za India hutoa barua yenye makadirio ya matibabu pamoja na namba ya akaunti yake, na kwa barua hiyo benki ya hapa nyumbani huweza kutuma hawala moja kwa moja. Lakini hapo pana mtego. Matapeli huingilia mawasiliano ya barua pepe, wakajifanya hospitali na kuarifu kwamba akaunti imebadilika. Kabla ya kutuma hata senti moja, ipigie hospitali simu kwa namba uliyoipata mahali pengine, wala si ile iliyoandikwa katika barua hiyohiyo, uwasomee namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Hawala ikishatumwa, chukua stakabadhi yake. Mhasibu wa hospitali huenda akaihitaji kabla fedha yenyewe haijaonekana kwenye vitabu vyake.

Fedha taslimu inayobaki mkononi iwe ya nauli za mjini, chakula na chumba cha siku za kwanza. Ichukuliwe kwa dola za Marekani zilizo safi, zisizochanika wala kuandikwa kwa kalamu. Serikali ya Marekani huzitambua noti zake zote za zamani, lakini mwenye duka la kubadilishia fedha ana hiari yake, na wengi huzikataa zile za kabla ya 1996 zenye picha ndogo. Sheria nayo ina neno lake: anayeondoka Tanzania na fedha taslimu inayofikia dola 10,000 hupaswa kutoa tamko kwa maofisa wa forodha, na anayeingia India na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000 hujaza fomu uwanjani. Kutamka si kosa. Kosa ni kuficha, na fedha iliyokamatwa forodhani haimngojei mgonjwa.

Sasa tuje kwenye kadi ya benki, ambako nyumba nyingi huteleza. Akaunti ni ya baba, kadi ni ya baba, na namba ya siri iko kichwani mwa baba, ambaye ndiye mgonjwa. Mama anamsindikiza. Siku ya tatu baba anaingizwa chumba cha upasuaji, kisha anahamishiwa chumba cha uangalizi maalumu, hasemi wala haandiki. Daktari anaagiza dawa inayonunuliwa dirishani kwa malipo ya papo hapo. Mama ana kadi mkobani, na fedha imo ndani ya akaunti, lakini kwake kadi hiyo ni kipande cha plastiki tu. Akibahatisha namba mara tatu, kadi itafungwa.

Benki hukataza namba ya siri kupewa mtu mwingine, na sishauri katazo hilo livunjwe. Dawa yake ni msindikizaji kuwa na akaunti yake, na kadi yenye jina lake, iliyowekewa fedha kabla ya safari. Ziko familia ambazo jambo hili huonekana kama kumvunjia heshima mwenye nyumba, au kumwombea mabaya. Naona heshima ya mume haipungui mkewe akijua fedha iko wapi na ni kiasi gani. Inayopungua ni wasiwasi wa mke anapobaki peke yake katika nchi asiyoijua lugha yake. Na msindikizaji akiwa kijana wa nyumbani, apewe kadi vilevile, na jamaa waliochanga wajue.

Kadi hizo zijaribiwe mapema. Iulizeni benki kama zinaruhusiwa kutumika India, na ukomo wake kwa siku ni kiasi gani. Laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho iwashwe huduma ya nje ya nchi, la sivyo ujumbe utabaki Dar es Salaam nawe uko Chennai. Mashine ikikuuliza iwapo ikate kwa fedha ya kwenu au kwa rupia, chagua rupia. Ukichagua fedha ya kwenu, mara nyingi hupewa kiwango kibaya zaidi.

Wako watakaosema haya yote ni usumbufu, bora kubadili dola zote kuwa rupia siku ya kufika. Hao wakumbuke tarehe 8 Novemba 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alipotangaza usiku kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zilizokuwapo zingekoma kutumika kuanzia saa sita usiku uleule. Noti hizo zilikuwa zaidi ya asilimia 80 ya thamani ya fedha taslimu nchini humo. Siku zilizofuata misururu ilizunguka mabenki na mashine zikakauka. Noti ya rupia 2,000 iliyotolewa baada ya hapo nayo ilianza kuondolewa katika mzunguko mwezi Mei 2023. Kwa hiyo shangazi akikupa kwa moyo mwema rupia zilizombakia tangu safari yake ya zamani, mshukuru, ila usizihesabu katika bajeti.

Badili kidogo kidogo, katika maduka yenye leseni, na kila mara udai stakabadhi. Utaihitaji siku ya kurudi, utakapotaka rupia zilizosalia zigeuzwe kuwa dola. Na kabla ya kuaga hospitali, pitia kwa mhasibu ukaulize salio la amana. Salio la fedha iliyotumwa kwa hawala huenda lisirudishwe taslimu mkononi, bali kwa njia ya benki, baada ya siku kadhaa. Mwachie basi namba ya akaunti ya nyumbani iliyoandikwa kwa usahihi, nawe uondoke na karatasi yenye mhuri inayotaja kiasi hicho.