GARI LA KALE NALO LIFUNGWE MKANDA

Siku moja nilipanda Land Rover la miaka ya 1960 kwenda kukagua madarasa ya kisomo. Mbele tulikaa watatu: dereva, mimi, na mama mmoja aliyempakata mtoto wake. Mara mbuzi akakatiza njia. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu. Mimi nilijizuia kwa mikono. Mama yule alimkumbatia mwanawe kwa nguvu zake zote. Hata hivyo mtoto alimponyoka, akagonga kichwa kwenye chuma cha mbele.

Mwendo wetu ulikuwa mdogo, kama wa baiskeli iteremkayo mlima. Mtoto alipata nundu tu, tukamshukuru Mungu. Lakini mama alilia sana. Alisema, "Nilimshika, mwalimu. Nilimshika kabisa." Ni kweli, alimshika. Nilimwona kwa macho yangu.

Dereva akasema, "Basi mama, ajali haina kinga."

Msemo huo tumeuzoea. Lakini je, ni kweli? Nilitafuta mkanda wa usalama ndani ya gari lile. Haukuwapo. Dereva alinieleza kwamba gari lilitoka kiwandani bila mkanda. Tangu siku ile nimeuliza mafundi na kusoma, nami nataka tuzungumze juu ya jambo hili.

KWA NINI MAGARI YA KALE HAYANA MIKANDA?

Zamani magari mengi yalitengenezwa bila mikanda. Machache yalikuwa na mkanda wa kiunoni tu. Mwaka 1959 fundi mmoja wa Sweden, jina lake Nils Bohlin, alitengeneza mkanda unaopita kiunoni na begani, nao hushikwa mahali patatu. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kuwaokoa marubani wa ndege. Kampuni yake, Volvo, iliruhusu viwanda vingine viutumie mkanda huo bila malipo. Ndio huo tunaouona katika magari hadi leo.

Sheria zilikuja baadaye. Marekani iliagiza magari mapya yote ya abiria yawe na mikanda kuanzia tarehe 1 Januari 1968. Jimbo la Victoria, Australia, lililazimisha watu kuvaa mikanda mwaka 1970. Uingereza ililazimisha wakaao mbele kuvaa kuanzia tarehe 31 Januari 1983. Jirani zetu wa Kenya waliagiza kila matatu iwe na mikanda kwa kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004.

Sasa basi, gari lililotengenezwa kabla ya sheria hizo huenda halina mkanda hata mmoja. Na magari ya namna hiyo bado yako barabarani. Mengine yanatunzwa na matajiri kama pambo. Mengine yanatupeleka sisi gulioni na hospitali.

NI KITU GANI HUTOKEA GARI LIKIGONGA?

Tufanye hesabu kama tulivyojifunza darasani. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Kilomita 50 ni mita 50,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya mita kwa sekunde. Utapata karibu mita 14 kwa kila sekunde moja.

Gari hilo likigonga mti, gari litasimama. Lakini wewe uliye ndani hujasimama. Mwili wako unaendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka ukutane na kitu cha kukuzuia. Kitu hicho ni usukani, kioo, au chuma cha mbele. Pigo lake ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mnazi wenye urefu wa mita 10. Nani kati yetu angekubali kuanguka kutoka juu ya mnazi, eti kwa sababu amekunja mikono kifuani?

Na mtoto aliyepakatwa je? Mtoto wa kilo 10, katika pigo kama hilo, huvuta mikono ya mama kama mzigo wa kilo 200 au zaidi. Hayo ni magunia mawili ya mahindi. Hakuna mama awezaye kuyazuia. Si kwamba mama hana mapenzi. Mikono haina nguvu hiyo.

Kazi ya mkanda ni kukuzuia mapema, kabla hujafika kwenye chuma. Hukushika kwenye mifupa ya nyonga, kifua na bega, yaani sehemu zenye nguvu. Tena hunyumbuka kidogo, ili pigo lisije kwa ghafla. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa karibu nusu kwa wakaao mbele. Wakaao nyuma nao hupata nafuu.

"GARI LA KALE NI CHUMA KITUPU"

Wapo wasemao, "Magari ya siku hizi ni mabati tu. La kale ni chuma kitupu, halihitaji mkanda." Maneno haya ni ya hatari.

Mwaka 2009 taasisi moja ya Marekani, inayogharimiwa na makampuni ya bima, ilifanya jaribio. Iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009. Kila gari lilikwenda kilomita 64 kwa saa. Ndani waliwekwa masanamu badala ya watu. Gari la kale halikuwa na mkanda, na sehemu ya dereva ilibonyea vibaya. Dereva angekuwa mtu, angekufa. Katika gari jipya dereva angeumia mguu.

Gari jipya limetengenezwa ili pua yake ikunjane na kumeza pigo, na chumba cha watu kibaki. Gari la kale halikutengenezwa hivyo. Chuma cha usukani wake huweza kuja moja kwa moja kifuani. Milango yake huweza kufunguka na watu kutupwa nje. Mkanda hautaligeuza gari la kale kuwa jipya. Lakini kwa gari la namna hiyo, mkanda ni msaada mkubwa.

Hata wale washindanao katika East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya kale yaliyoanza mwaka 2003, hufungwa mikanda imara kabla ya kuondoka. Ikiwa madereva hodari wanafungwa, sisi je?

JINSI YA KUFUNGA MIKANDA KATIKA GARI LA KALE

Kazi hii si ya kubahatisha. Mkanda uliofungwa vibaya ni pambo tu. Mwenye gari na fundi wazingatie haya:

1. Watafute kwanza matundu ya kiwandani. Baadhi ya magari ya kale yana matundu yenye nati, yamezibwa kwa kizibo cha mpira au plastiki. Hayo ndiyo mahali pake.

2. Kama hayapo, mkanda ushikizwe kwenye chuma imara cha gari. Usishikizwe kwenye bati la sakafu peke yake. Bati la Land Rover la zamani ni aluminiamu. Bolti iliyotiwa kwenye bati hilo huchanika kama kifungo kwenye shati lililochakaa. Fundi hodari aweke kipande cha bamba la chuma nyuma yake, au aunganishe na chuma cha chini.

3. Kutu iondolewe kwanza. Kuchomea chuma juu ya kutu ni kazi bure.

4. Bolti iwe ya mikanda, yaani bolti ngumu. Nyingi ni za inchi 7/16. Bolti ya kitanda haifai.

5. Sehemu ya juu ya mkanda iwe sawa na bega au juu yake. Ikiwa chini ya bega, mkanda utaubana uti wa mgongo wakati wa ajali.

6. Kiti chenyewe kiwe kimekazwa. Kiti kikichomoka, mkanda hautasaidia.

7. Usinunue mkanda uliotoka kwenye gari lililopata ajali. Ulikwisha vutwa, nguvu yake imepungua. Mkanda uliochanika au kuchakaa kwa jua nao utupwe.

8. Kamba ya katani si mkanda. Kamba hukata mwili.

Yako pia yale mabenchi ya nyuma ambayo watu hukaa wakitazamana. Mkanda wa begani haufai hapo, maana mtu hutupwa ubavu na mkanda huweza kumkaba shingo. Ni bora kufunga viti vinavyotazama mbele.

JINSI YA KUVAA

Sehemu ya chini ipite juu ya nyonga, si juu ya tumbo. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega, si shingoni wala chini ya kwapa. Mkanda usijikunje. Usilegee. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Mama mjamzito naye avae: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, na ya juu ipite kati ya maziwa.

NA WATOTO?

Nchini Uingereza gari la kale lililotoka kiwandani bila mikanda haliruhusiwi kubeba mtoto wa chini ya miaka 3. Wenye miaka 3 na zaidi hukaa viti vya nyuma tu. Wenzetu wameona kwamba gari lile huweza kupendeza sana, lakini si mahali pa mtoto mchanga. Kama hatuna gari jingine, basi mtoto akae nyuma, dereva aende pole pole, na mwenye gari aulizwe: "Mikanda utafunga lini?"

Ndugu msomaji, kuuliza si ugomvi. Nauli tunalipa. Tukiuliza wote, mwenye gari atasikia. Yule dereva wangu alisema ajali haina kinga. Labda ajali haina. Lakini kifua chako kina kinga, na kichwa cha mtoto wako kina kinga. Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini mama hakuweza kumzuia mtoto wake?
2. Gari linakwenda kilomita 72 kwa saa. Je, linakwenda mita ngapi kwa sekunde?
3. Kwa nini mkanda usishikizwe kwenye bati peke yake?
4. Magari yanayohudumia kijiji chenu ni mangapi? Mangapi yana mikanda? Mtamwambia nini mwenye gari?